Tochi ya daktari, busha la mjomba na kamera ninayoitaka Mtwara

Najua nimepotea, kuna waliokwisha anza kunong'ona kwamba nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Ilikuwa majaribio juu ya majaribio, halafu bumu nalo likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki kitu cha maana. Sasa hela imeingia, nimepiga chapati mbili na supu ya pweza, akili imerudi. Pia nina hasira kidogo, kwa hiyo ya leo itakuwa ndefu. Vuteni kiti.

Hasira yenyewe ilianza kwenye semina ya fizikia wiki iliyopita. Kila mtu alitakiwa achague mada inayohusu mwanga. Wenzangu wakachukua lenzi, miwani, upinde wa mvua, mmoja akachukua kupatwa kwa jua (desa la kidato cha nne hilo, lakini alama kapata). Mi nikachukua namna ya kupiga picha ndani ya mwili kwa mwanga wa infraredi ya karibu, yaani ule mwanga unaoanza pale wekundu unapoishia, ambao macho yetu hayauoni. Na mfano wangu ukawa matende na mabusha ya huku kwetu pwani. Nilipotaja mabusha darasa likaanguka kicheko, hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni hili: nilipomaliza, jamaa mmoja tunayeheshimiana sana akanyoosha mkono akasema, "Mshkaji umeongea vizuri, ila hizo ni anasa za Ulaya. Mtu wa Msimbati anahitaji sabuni na neti, siyo kamera."

Makofi! Kapigiwa makofi kuliko mimi niliyesimama dakika 20. Muda ukawa umeisha, sikumjibu. Basi namjibu hapa, na yeye ni msomaji, ataona.

Kwanza turudi utotoni. Umeme umekatika, mko sebuleni, mtu anashika tochi anaibana kwenye kiganja. Vidole vinakuwa vyekundu kama kaa la moto. Wote tumefanya. Swali ambalo sikuwahi kujiuliza mpaka nimefika chuo: mbona ni nyekundu tu, na mbona mifupa haionekani? Tochi ni nyeupe. Rangi nyingine zimeenda wapi?

Kuna mambo mawili yanaupata mwanga ukiingia kwenye nyama, na watu huwa wanayachanganya. Ukitaka kuyatenganisha chukua glasi mbili, moja ya chai ya rangi, nyingine ya maziwa. Tumbukiza kijiko kila moja, kisha mulika kwa nyuma. Chai inameza mwanga, inaufyonza, lakini kijiko bado unakiona. Maziwa hayafyonzi kitu, meupe pe, ila kijiko hukioni kabisa. Mwanga umetoka upande wa pili kweli, lakini umegongwa gongwa na vitone vya mafuta mpaka umesahau ulikotoka. Huko ndiko kutawanyika.

Mliokulia upande wa Msimbati hamhitaji glasi. Bahari ya Mnazi Bay ikitulia, washa karabai juu ya ngalawa, unaona mpaka pweza amejikunyata kwenye jiwe. Nenda kusini kidogo, kwenye mlango wa Ruvuma, mto ukiwa umeshusha tope la mvua za bara, washa karabai ile ile. Utaona nini? Utaona karabai yako. Maji yanang'aa kama ukuta uliopakwa chokaa na chini yake hujui kama ni samaki au gogo au mamba. Taa haikupungua nguvu. Tope ndilo linalourudisha mwanga machoni kwako kabla haujafika kwa samaki.

Nyama ya binadamu ina yote mawili, ni chai ya maziwa. Hemoglobini ya damu inafyonza bluu na kijani vibaya sana, inaacha wekundu upite, ndiyo maana kidole kinakuwa chekundu. Melanini ya ngozi yetu nayo inafyonza, ila kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka ndivyo inavyolegea. Ukienda mbali zaidi kwenye infraredi unakutana na maji, nayo yanaanza kufyonza. Katikati hapo, kuanzia kama nanomita 650 mpaka 950, pamebaki kama dirisha. Damu imechoka, maji hayajaamka. Kutawanyika bado kupo, usidanganyike, baada ya milimita moja hivi mwanga umeshapoteza mwelekeo, ila haujafa. Unaendelea kutangatanga mpaka sentimita kadhaa. Vile vidude vya kubana kidoleni hospitali kupima oksijeni vinatumia dirisha hilo hilo: taa mbili, moja nyekundu kama nanomita 660, nyingine infraredi kama 940. Wazo hilo alilitoa mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Sasa mjomba.

Mjomba wangu amenipa ruhusa nimwandike kwa sharti moja, nisitaje kijiji. Alikuwa na busha kwa miaka 11. Mi nimekua namwona anavaa kanzu au msuli tu, nikidhani ni uchamungu. Hakwenda harusini, hakukaa kwenye bao na wenzake, na kazi ya kuvuta nyavu aliiacha akiwa na nguvu zake zote. Mnajua huku kwetu busha linasemwaje: umekunywa madafu mengi. Au umerogwa na mume wa mtu. Mjomba akachagua la madafu, maana lile la pili lina maswali. Kwa miaka 11 mtu wa pwani, mwenye minazi yake mwenyewe, hakugusa dafu. Na busha likazidi kukua.

Ikaja kambi ya upasuaji wa mabusha, bure, nami nilikuwa likizo, nikamsindikiza. Tulifika saa moja asubuhi, kulikuwa na wazee kama 40 hivi kwenye mabenchi, hakuna anayemwangalia mwenzake. Tulipoingia ndani daktari alikuwa kijana, pengine kanizidi miaka sita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mzee, nitafunga pazia, pawe na giza kidogo. Usishtuke."

Mimi nikageuka ukutani kwa heshima. Nikasikia swichi ya tochi, klik. Kimya. Halafu mjomba akaniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "We msomi, njoo uone." Nikageuka. Jamani. Lilikuwa linawaka. Lote, kutoka ndani, wekundu laini kama kibatari ndani ya kibuyu. Daktari akaeleza kama anavyoeleza mara 40 kwa siku: mzee, haya ni maji. Ingekuwa utumbo umeshuka, yaani ngiri, mwanga usingepita hivi. Maji masafi yanapitisha, utumbo unazuia. (Baadaye nikasoma kwamba busha la siku nyingi likiwa na ukuta mnene au damu ndani halipitishi, kwa hiyo tochi siyo hakimu wa mwisho. Ndiyo maana daktari aliendelea na vipimo vingine.)

Mjomba akauliza, "Kumbe maji tu?"

"Maji tu mzee. Kuna minyoo iliingia kupitia mbu, miaka mingi nyuma, ikakaa kwenye mishipa ya limfu. Maji yakakosa njia."

"Siyo madafu?"

"Siyo madafu."

Wadau, mjomba wangu alishasomewa vipeperushi. Alishasikia redio. Wagawa dawa walishampitia nyumbani mara nyingi kuliko wakusanya kura. Hakuamini mtu. Kilichomgeuza ni tochi, labda sekunde 10 za mwanga kupita kwenye mwili wake mwenyewe. Akafanyiwa upasuaji, akapona, na wiki kadhaa baadaye akanituma nimwangulie dafu. Alikunywa manne. Mi nilikuwa nahesabu.

Ndiyo maana ninapoambiwa kuona ndani ya mwili ni anasa huwa nanyamaza kwanza nisije nikajibu vibaya.

Ila tochi ina mwisho wake. Nyumbani hapo hapo yupo bibi, dada mkubwa wa marehemu bibi mzaa mama. Yeye ana matende, mguu wa kushoto. Baada ya ya mjomba, bibi akanitazama akasema, "Na huu nao niwashie." Ee! Nikachukua tochi ya simu nikaubana mguu, giza tu, doa jekundu chini ya taa na basi. Akasikitika kidogo. Ilibidi nimweleze kwamba kwake maji hayakukaa kwenye mfuko mmoja msafi, yameenea kwenye nyama yenyewe, na nyama ni chai ya maziwa. Alinielewa upesi kuliko darasa zima la semina.

Lakini kilichomo kwenye mguu wa bibi kinaweza kuonekana. Siyo kwa tochi. Kuna dawa ya rangi inaitwa indosianini ya kijani. Ilitoka kwenye maabara za Kodak, wale wa filamu za picha, ikajaribiwa kwa wagonjwa Mayo Clinic huko Marekani mwaka 1957, na mwaka 1959 ikaidhinishwa kule itumike kupimia moyo na ini. Kitu cha zamani kabisa, kina umri wa babu zetu. Dawa hii ukiimulika kwa mwanga wa karibu nanomita 800 inaumeza, halafu inautoa tena ukiwa na wimbi refu kidogo, kama 830. Kumeza rangi moja na kutema nyingine ndiko kunaitwa fluoresensi. Faida yake ni kwamba unaweka chujio mbele ya kamera linalozuia mwanga wako ulioutuma, ule wa tope, ule wa karabai inayokurudia machoni, na kuruhusu mwanga uliotoka kwenye dawa peke yake. Ni sawa na kule Ruvuma usimulike maji hata kidogo, samaki ndiye abebe kijitaa chake, tena cha rangi ambayo hakuna kingine majini kinacho. Tope litaukungua mwanga wake, hutahesabu magamba, lakini utajua samaki yupo na anaelekea wapi.

Daktari anachoma tone dogo chini ya ngozi, katikati ya vidole vya mguu. Dawa inashikana na protini, inaingia kwenye mishipa ya limfu yenyewe bila kuambiwa, na kwenye kioo unaiona ikipanda. Kwa mtu mzima wa afya ni mistari myembamba, na ukitulia unaona limfu inasukumwa kwa mafungu, pap, inasimama, pap, inaendelea. Limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu, mishipa yenyewe ndiyo inajibana. Kwa mgonjwa mistari inakatika, dawa inavuja inarudi kwenye ngozi kama wino kwenye karatasi ya choo. Madaktari wa Japani wameyapa majina maumbo hayo kulingana na ukubwa wa tatizo, mojawapo wameliita vumbi la nyota. Jina zuri kwa jambo baya.

Kina chake ni sentimita chache, siyo zaidi. Kwa mguu inatosha, maana mishipa mingi ya limfu inayohusika iko juu juu chini ya ngozi. Kwa ini la mtu mnene, sahau.

Hapa ndipo namjibu rafiki yangu. Yeye anafikiri kamera ni ya kuutazama mguu uliokwisha vimba. Mguu uliovimba nani asiyeuona? Konda wa daladala anauona, ndiyo maana anamruka bibi kituoni. Tatizo ni miaka kabla ya hapo. Mnyoo mzima wa matende ni mrefu kama kidole na mwembamba kama uzi, anaishi kwenye mshipa wa limfu miaka mitano, sita, nane, na mwenye mshipa hana habari. Miaka ya 1990 huko Recife, Brazil, watafiti waliwachunguza watu wenye vimelea kwenye damu ambao hawakuwa na uvimbe wowote. Walitumia dawa yenye mionzi kidogo, siyo hii ya kijani. Wakakuta mishipa ya limfu ya watu hao "wazima" tayari haiko sawa. Kule kule mwaka 1994 wakawaona kwa ultrasaundi minyoo hai ikicheza ndani ya mishipa ya korodani, na madaktari mpaka leo wanauita mchezo huo ngoma ya filaria. Ngoma inachezwa ndani yako na hata hujaalikwa!

Kwa hiyo mtu anaharibika kimya kimya, kisha siku moja homa, mitoki, mguu unajaa, unapungua, unajaa tena, na mara ya nne haupungui. Wakati huo ndipo tunampelekea sabuni.

Nisieleweke vibaya, sabuni ni kubwa. Kuosha mguu kila siku kwa maji na sabuni, kukausha katikati ya vidole, kuuinua ukiwa umekaa, kutibu nyufa, kuvaa viatu: hivyo vinapunguza zile homa, kwa sababu bakteria wanaopita kwenye nyufa ndio wanaoleta mashambulizi na kuufanya mguu ukue. Hilo halina ubishi. Na vidonge pia. Tanzania ilianza kugawa ivamektini na albendazo mwaka 2000, wakaanzia Mafia, na baada ya raundi nyingi wilaya nyingi zimeshaacha kugawiwa kwa sababu maambukizi yameshuka. Kazi kubwa imefanyika, tusiwe wachoyo wa shukrani. Lakini pwani yetu ya kusini imekuwa ngumu. Watafiti walikwenda Masasi, mkoani kwetu hapa hapa, baada ya raundi saba wakakuta vimelea bado vipo.

Kwa nini? Sababu ziko nyingi, mojawapo naijua kwa jina na sura kwa sababu ni mimi.

Nilikuwa darasa la tano. Walikuja na ile fimbo ya kupimia urefu ili wajue unywe vidonge vingapi. Asubuhi ile habari ilikuwa imeshazunguka uwanjani kwamba dawa zile ni za kutufanya tusizae. Nani alianzisha, sijui, ila kaka wa darasa la saba alituambia na yeye alikuwa na ndevu tatu, kwa hiyo tukaamini. Nikaweka vidonge chini ya ulimi, nikanywa maji, nikaenda nyuma ya choo nikavitema. Mwaka uliofuata nikatema tena. Nilishajua namna. Siyo kwetu tu, mwaka 2008 kule Morogoro ugawaji wa dawa za kichocho mashuleni uliishia kwenye vurugu kwa uvumi wa aina hiyo hiyo.

Mnaona sasa? Sabuni inatumiwa na mtu anayeamini kwamba kuna kitu cha kuosha. Kidonge kinamezwa na mtu anayeamini kwamba kuna kitu cha kuua. Bibi aliwahi kufundishwa kuosha mguu, akaosha miezi miwili, akauangalia kwa macho, akaona uko vile vile, akaacha. Ungekuwa wewe? Watafiti wa Houston, timu ya Eva Sevick-Muraca, wametumia kamera hii kwa wagonjwa wenye uvimbe wa limfu, na baada ya kuwakanda kwa utaratibu maalumu waliona kwenye kioo limfu inakwenda vizuri kuliko kabla. Mguu kwa nje hauonyeshi kitu siku hiyo, ila ndani mambo yameshaanza kusogea. Fikiria bibi aone hivyo. Mistari yake mwenyewe, pap, pap. Mi nadhani angeosha mguu mpaka sabuni iishe dukani.

Rafiki yangu atasema hela. Sawa, kamera za hospitali za upasuaji ni ghali, na haya mashine tuyaache kwa wenye nazo. Lakini chukua rimoti ya tivii, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu yako, bonyeza. Unaona kitaa cha zambarau kinawaka? Kwa macho hukioni. Ile ni infraredi, kama nanomita 940, na simu ya laki moja na nusu inaiona, kwa sababu silikoni ya kamera inaona mpaka karibu nanomita 1000. (Kamera ya nyuma mara nyingi wameiwekea chujio, usije ukasema nimekudanganya.) Jicho la kitaalamu tayari tunalo mfukoni. Kinachokosekana ni taa ya LED ya rangi inayofaa, chujio zuri sana, kamera yenye usikivu kuliko ya simu maana mng'ao wenyewe ni hafifu, dawa, na daktari anayejua. Sijasema nitaitengeneza hosteli na kuanza kuchoma watu sindano, acheni hizo. Sindano ni ya daktari, tena kuna watu dawa hiyo yenye ayodini inawadhuru. Ninachosema ni kwamba fizikia yake tunaiweza, na hospitali ya rufaa ya kanda ipo pale Mitengo. Mashine moja, wagonjwa wetu, wanafunzi wetu wakijifunza kusoma picha.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye semina nililisema haraka na hakuna aliyelisikia. Vifaa vya mwanga vikijaribiwa kwa watu weupe tu, vinaletwa kwetu na makosa ndani. Siyo nadharia. Mwaka 2020 wakati wa korona, watafiti wa Michigan waliandika kwenye New England Journal of Medicine kuhusu kile kifaa cha kidoleni. Kifaa kilipokuwa kinasoma oksijeni asilimia 92 hadi 96, yaani hali si mbaya, damu halisi ilipopimwa ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 kwa weupe. Zaidi ya mara tatu! Kifaa kilichotumika dunia nzima miaka na miaka. Kwenye nanomita 800 melanini inasumbua kidogo kuliko kwenye wekundu, ndiyo, lakini kidogo siyo sifuri, na ngozi ya mguu wenye matende ya miaka 20 ni nene kama gome la mkorosho. Nani atajua kamera inasoma nini kwenye ngozi hiyo kama haijawahi kuletwa mahali ngozi hiyo ilipo? Tukingoja mpaka iwe rahisi, itakuja imeshatengenezwa bila sisi, halafu tutaambiwa tuitumie.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyepigiwa makofi, sabuni kwanza, nakubali, na neti, na vidonge mtu avimeze siyo avifiche chini ya ulimi. Ila usiniambie kuona ni kwa ajili ya Ulaya. Ulaya hawana matende. Dawa wanaichoma kwenye miguu ya watu waliopasuliwa saratani, na wanafanya vizuri. Lakini kama kuna mahali duniani ambapo mishipa ya limfu inahitaji kutazamwa kabla mambo hayajaharibika ni kwenye vijiji vya huku kwetu, mbu wa usiku wanapouma mwaka mzima.

Na kuhusu mimi mwenyewe. Tangu mjomba awashiwe tochi nimekuwa najipapasa miguu nikioga, kama mwehu. Hakuna kitu. Lakini wale wa Recife nao hawakuwa na kitu. Zamani ukitaka kujua ilibidi utolewe damu usiku, kati ya saa nne na saa nane, maana watoto wa mnyoo yule hutoka kwenye damu ya pembeni usiku mbu akiwa kazini. Siku hizi kuna kipimo cha utepe, tone la kidole, mchana, majibu dakika 10. Kitaniambia kama mnyoo yupo au hayupo. Hali ya mishipa hakitaniambia, ila ndiyo mwanzo.

Naenda Ijumaa baada ya pindi la saa nne. Mjomba kasema atanisindikiza, eti zamu yake.